UZI: Hesabu ya shaba. Jinsi nasaba ya Han ilivyowashinda waghushi wa sarafu, na jinsi Wang Mang alivyowarudisha kazini

#1 Mizani

Wakuu, salaam. Humu jamvini habari ya fedha ya China ya kale humalizwa kwa sentensi moja: Kaizari Wu alipiga marufuku usubuji wa sarafu wa watu binafsi, akawaua waghushi, mambo yakatulia. Ukweli una mkunjo zaidi. Waghushi walihukumiwa kifo kwa malaki kabla sarafu haijatulia, na siku walipoacha, waliacha kwa sababu hesabu ilikataa. Uzi huu ni wa hiyo hesabu.

Vipimo kwanza. Zhu 24 ni liang 1. Liang 16 ni jin 1. Jin ya Han ni karibu gramu 250, kwa hiyo zhu moja ni gramu 0.65 hivi, na jin moja ina zhu 384. Ishikeni hiyo 384. Sarafu zote ninazozitaja zilisubiwa kwa shaba yenye bati na risasi ndani yake, ni za mviringo, na zina tundu la mraba katikati.

Dola ya Qin ilianza kutoa sarafu yake mwaka 336 KK. Iliitwa banliang, yaani nusu liang, kwa hiyo kisheria ina zhu 12. Uzito halisi ulipanda na kushuka vibaya, na Qin hawakuhangaika sana, maana sheria yao ilitaka sarafu zihesabiwe, zisipimwe. Sheria zenyewe tunazo: ziliandikwa kwenye vipande vya mianzi vilivyofukuliwa mwaka 1975 katika kaburi la Shuihudi, jimbo la Hubei. Afisa akipokea fedha, sarafu 1,000 zinatiwa kikapu kimoja na kupigwa mihuri ya mkuu na msaidizi wake. Nzuri na mbaya zinakwenda pamoja, na kuchagua ni kosa. Kitambaa nacho kilikuwa fedha halali: urefu chi 8, upana chi 2 na cun 5, thamani sarafu 11 (chi moja ni sentimita 23 hivi, na cun ni sehemu yake ya kumi). Katika kaburi hilohilo kuna mfano wa hati ya kukamata waghushi: watu wawili, sarafu mpya 110, na kalibu zao.

Liu Bang alipoitwaa nchi na kuanzisha Han, sarafu za Qin zikasemwa ni nzito mno, na watu wakaruhusiwa kusubu zao. Kitu kinachopokelewa kwa idadi na kutengenezwa na yeyote lazima kikonde. Zikazagaa sarafu zilizoitwa yujia, kwa kufananishwa na mbegu bapa za mti wa elm. Nyingine hazifiki gramu 1. Kumbukumbu za wakati huo zinasema shi moja ya mchele, kipimo cha lita 20 hivi, ilifika sarafu 10,000, na farasi mmoja jin 100 za dhahabu.

Mwaka 186 KK serikali ya Malkia Lü ikatoa banliang ya zhu 8. Sheria za mwaka huohuo zilipatikana Zhangjiashan, pia Hubei, na zinaonyesha nia: sarafu yenye kipenyo cha cun 0.8 au zaidi (milimita 18 na ushee), hata kama imechakaa, maadamu maandishi yanasomeka na haijavunjika, ni halali. Anayeikataa anatozwa liang 4 za dhahabu. Anayesubu bandia, na anayemsaidia, wanauawa. Anayeyeyusha sarafu halali ili apate shaba anahesabiwa mwizi.

Sasa jiulizeni: kwa nini mtu ayeyushe sarafu halali? Kwa sababu zhu 8 zinatoa mbili za zhu 4, na sokoni zote zinaitwa "moja".

#2 Sonara

Uzi mzuri. Kabla hujaenda mbele acha niweke upande wa kalibu, maana gharama ya kughushi inaanzia hapo. Hizi sarafu hazikugongwa kwa nyundo na muhuri kama za Warumi au Wagiriki. Zilisubiwa, nyingi kwa mpigo.

Unaanza na kalibu mama, ya shaba au ya jiwe laini, iliyochongwa sura za sarafu zote pamoja na mfereji wa katikati na vijifereji vya kwenda kwenye kila sarafu. Juu yake unakandamiza udongo mfinyanzi uliochekechwa na kuchanganywa na mchanga laini. Upande mmoja unabeba maandishi, wa pili unabeba mgongo. Udongo unakauka kivulini polepole, kisha unachomwa. Pande mbili zinafunganishwa uso kwa uso, zinafungwa kamba na kukandikwa udongo kwa nje, mdomo ukabaki juu. Kuna pia njia ya kupanga kalibu nyingi bapa kwa ghorofa na kumimina kwa mfereji mmoja wa wima, hapo unaokoa metali na kuni.

Shaba tupu inayeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi. Bati linaishusha na kuifanya iwe ngumu ikipoa. Risasi inaifanya itiririke vizuri mpaka kwenye pembe za herufi. Ukishamimina na kupoza, unavunja udongo na kutoa kitu chenye shina na matawi, kila tawi lina sarafu. Unakata matawi. Zinabaki chunusi za metali pale mfereji ulipogusa na utando mwembamba pale kalibu zilipokutana. Hapo tundu la mraba linafanya kazi yake: unazitunga sarafu kwenye ufito wa mraba, haziwezi kuzunguka, na unapiga tupa kingo za rundo zima kwa pamoja.

Yanayoharibika:

Kalibu ikiwa na unyevu, mvuke unapenya kwenye metali na sarafu inatoka na vitundu. Metali ikiwa imepoa kidogo, herufi hazijai na sarafu ya mwisho kwenye tawi inatoka nusu. Pande zikipishana, ukingo wa mbele na wa nyuma havilingani. Risasi ikizidi, haichanganyiki na shaba, inakaa kama matone ndani, na sarafu inakuwa laini.

Na hili ndilo la mghushi: asiye na kalibu mama huchukua sarafu halisi na kuikandamiza kwenye udongo. Udongo unapungua ukikauka na ukichomwa, metali nayo inapungua ikipoa. Nakala inatoka ndogo kuliko mama yake, na nakala ya nakala ndogo zaidi, herufi zimefifia. Ndiyo maana sheria ya kipenyo aliyoitaja Mizani ina maana kuliko inavyoonekana.

#3 Hoja Moto

Naomba nipinge mapema. Mwaka 175 KK Kaizari Wen alifungua mlango, akaruhusu yeyote asubu banliang ya zhu 4. Na sarafu za zhu 4 zilizofukuliwa ni miongoni mwa zenye uzito unaolingana vizuri katika Han ya mwanzo. Zama za Wen na mwanawe Jing ndizo Wachina wenyewe wanazisifia kwa utulivu. Kwa hiyo ushindani huru uliwezekana. Serikali kuhodhi sarafu ulikuwa uchu wa mapato ya vita, basi.

#4 Mizani

@Hoja Moto hoja yako ina nguvu kuliko wengi wanavyokubali, ila angalia kilichoufanya uhuru huo ufanye kazi.

Ruhusa ya mwaka 175 KK ilikuwa na masharti. Ukichanganya risasi au chuma kwa hila, unachorwa alama usoni. Na uzito ulisimamiwa kwa mizani. Kwenye kaburi namba 168 la Fenghuangshan, Jiangling, la mwaka 167 KK, umepatikana mtambo wa mianzi wa mizani ya kupimia sarafu. Umeandikwa juu yake kwamba kipimo ni zhu 4, na anayekataa kuitumia au kuchezea uzito anapewa siku 10 za kazi ya lazima. Fikiria maana yake: kila soko linahitaji mizani, na mtu wa kuisimamia. Fedha inayopimwa imepoteza faida kubwa ya kuwa sarafu.

Afisa kijana Jia Yi alimwandikia kaizari kupinga. Hoja yake ni ya hesabu tupu. Jin moja inatoa sarafu 96 za zhu 4. Anayesubu kwa uaminifu, akitoa gharama ya shaba, mkaa na kazi, habakiwi na kitu. Akipunguza shaba kidogo sana, faida ni nono. Kwa hiyo sheria inamwita kila mtu kwenye kazi ambayo haina faida bila hila, halafu inamchora uso akifanya hila. Akaongeza kwamba kila wilaya ilikuwa na sarafu yake: kwingine sarafu nyepesi, unaongeza kadhaa juu ya kila mia, kwingine nzito, watu wanakataa kuzipokea sawa kwa sawa. Na wakulima wanaacha majembe wanakwenda kuchimba shaba.

Jia Yi hakuomba tu marufuku. Alisema marufuku ikiwekwa, sarafu zitapungua, zitapanda thamani, na waghushi watarudi kwa wingi hata ukiwaua. Alitaka serikali ishike *shaba* yenyewe. Hakusikilizwa.

Walionufaika kweli na uhuru huo ni wenye milima. Liu Pi, mfalme wa ufalme mdogo uitwao Wu, alikuwa na shaba kwenye eneo lake. Deng Tong, kipenzi cha kaizari, alipewa mlima wa shaba huko Yandao, Sichuan. Sarafu za hao wawili zilienea nchi nzima. Mwaka 154 KK Liu Pi akaongoza uasi wa falme saba. Mwaka 144 KK Kaizari Jing akarudisha adhabu ya kifo kwa usubuji binafsi.

#5 Hoja Moto

Sawa, mizani nakubali. Lakini umesaidia hoja yangu kwa upande mwingine: kwa wenye shaba bora, ushindani ulitoa sarafu nzuri. Sarafu za Deng Tong zilisifiwa.

#6 Mizani

Zilisifiwa, ndiyo. Alikuwa na shaba ya bure kutoka kwa kaizari. Ukipewa mlima, uaminifu ni rahisi.

Twende kwa Kaizari Wu. Vita na Xiongnu, wahamaji wa kaskazini, vilikausha hazina. Mwaka 119 KK yakatoka majaribio mawili.

La kwanza, ngozi ya paa mweupe, chi 1 ya mraba, iliyotiwa nakshi ukingoni, thamani sarafu 400,000. Wakuu waliokuja barazani kutoa heshima walilazimishwa kuweka kipande cha jade juu ya ngozi hiyo. Yaani ushuru wa matajiri uliovishwa ngozi. Waziri wa kilimo, Yan Yi, alisema jade yenyewe ni ya elfu kadhaa na mkeka wake ni wa laki nne, mambo hayalingani. Baadaye aliuawa kwa kosa la "kupinga moyoni": mgeni alilalamikia amri, Yan Yi hakujibu, midomo ikatikisika kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa kamati ya sera ya fedha ya wakati ule.

La pili, sarafu za fedha na bati, aina tatu: ya joka, liang 8, thamani 3,000, ya farasi, 500, ya kobe, 300. Liang 8 ni gramu 125 hivi, na bati lilikuwa rahisi. Unaona mwenyewe kilichofuata.

Mwaka 118 KK ikaja wuzhu, "zhu 5", gramu 3.25 kisheria, kipenyo milimita 25 hivi. Uvumbuzi wake ni ukingo ulioinuka pande zote mbili. Banliang ilikuwa na mgongo mtupu, na watu walikuwa wanaupiga tupa na kukusanya vumbi la shaba, kisha sarafu inatumika kama kawaida. Ukingo ukikwanguliwa unaonekana papo hapo.

Ila kosa lilibaki: kila jimbo na kila ufalme mdogo ulisubu wuzhu yake. Majimbo yakapunja. Ndani ya miaka 5 tangu sarafu za fedha na bati, walioshtakiwa kifo kwa kughushi kisha wakasamehewa ni laki kadhaa, na waliojisalimisha wenyewe wakasamehewa ni zaidi ya milioni 1. Hakuna serikali inayoweza kuua watu wote hao. Maofisa hawakutosha hata kuwakamata.

Mwaka 115 KK wakajaribu sarafu ya "ukingo mwekundu" kutoka mji mkuu, moja kwa tano za majimbo, na kodi ikapokelewa kwa hiyo tu. Muda mfupi ikashuka thamani, watu wakaitafutia njia, ikafutwa.

Ndipo mwaka 113 KK. Amri nne kwa pamoja: majimbo yasisubu tena, wuzhu zote za majimbo ziyeyushwe na shaba ipelekwe mji mkuu, sarafu isubiwe na ofisi tatu tu za Bustani ya Shanglin, nje ya Chang'an, na isiyotoka huko isipokelewe popote. Mwanahistoria wa zama hizo anaandika matokeo bila mapambo: watu waliokuwa wakighushi walipungua, kwani gharama haikulingana tena na mapato, wakabaki mafundi hodari na majambazi wakubwa.

#7 Kitabu Wazi

Swali la mtu asiye fundi: gharama ilipandaje? Shaba ni ileile, zhu 5 ni zilezile.

#8 Sonara

Kwa njia tatu, nikipanga kwa uzito wake.

Shaba. Ikikusanywa yote kwenye bohari za serikali, mghushi ananunua kidogokidogo kwa bei ya juu, au anayeyusha wuzhu. Akiyeyusha wuzhu moja anapata wuzhu moja kasoro kilichoungua kwenye moto. Hasara hapohapo.

Ubora. Sarafu za Shanglin zina ukingo mwembamba uliolingana, herufi kali, kingo zilizopigwa tupa sawasawa. Jamii nzima imezoea sura hiyo, kwa hiyo bandia lazima iifikie. Kalibu mama ya hivyo inataka mchongaji wa kiwango, na kazi ya tupa haina njia ya mkato. Kule kijiji cha Zhaolun, magharibi mwa Xi'an (Chang'an ya leo), ambako kuna mabaki ya ofisi ya Zhongguan, mojawapo ya zile tatu, zimepatikana kalibu za udongo zenye tarehe. Maana yake kazi ilikuwa na kumbukumbu, kosa linamrudia aliyelifanya.

Ya tatu, sura moja. Kabla ya hapo mpokeaji aliona wuzhu za majimbo chungu nzima, kila moja na sura yake. Bandia ilijificha humo.

#9 Hazina Kuu

Naongeza kitu ambacho hamjakigusa: kwa nini mkulima aitake sarafu kabisa? Kodi ya kichwa. Mtu mzima wa miaka 15 hadi 56 alilipa sarafu 120 kwa mwaka, taslimu. Mtoto, 20, ambazo Wu aliongeza 3 kwa ajili ya magari na farasi wa vita zikawa 23. Wafanyabiashara na wenye watumwa walilipa mara mbili. Nafaka haikupokelewa kwa kodi hii, kwa hiyo kila mwaka wakulima walilazimika kuuza mazao wapate wuzhu, na wenye wuzhu walijua lini wanazihitaji. Bei za msimu wa kodi zilimuumiza mkulima.

Takwimu za jumla, kwa wapenda hesabu. Kumbukumbu za Han zinasema tangu 118 KK mpaka miaka ya 1 hadi 5 BK zilisubiwa sarafu zaidi ya bilioni 28. Gawanya kwa miaka 120: milioni 230 kwa mwaka, sawa na tani 750 hivi za metali kila mwaka kwa uzito wa kisheria. Sensa ya mwaka 2 BK ilihesabu watu milioni 59.6. Hata kama hakuna hata moja iliyopotea au kuzikwa, ni kama sarafu 470 kwa kila kichwa, yaani kodi ya mtu mzima mmoja kwa miaka 4. Sarafu zilikuwa chache, na ndiyo maana zilishika thamani.

Na nyingi hazikuzunguka. Zama za Kaizari Yuan, hazina tatu kuu zilikuwa na bilioni 4, bilioni 2.5 na bilioni 1.8. Kaburi la Liu He, mtawala wa Haihun aliyefariki 59 KK, karibu na Nanchang, lilikuwa na wuzhu takribani tani 10, zimetungwa kwa kamba elfu elfu. Hizo zimetoka sokoni zikaenda ardhini.

Gharama ya watu: Gong Yu, mshauri wa Kaizari Yuan, alilalamika kwamba zaidi ya watu 100,000 wako kwenye machimbo ya shaba na usubuji kila mwaka, hawalimi. Akapendekeza sarafu zifutwe, kodi na mishahara vilipwe kwa nafaka na nguo. Wakamjibu kwamba nguo haikatwi vipandevipande kila ukinunua kitu kidogo. Pendekezo likafa.

#10 Hoja Moto

@Hazina Kuu umesahau kwamba hata sarafu za Shanglin zililalamikiwa. Kwenye mjadala wa barazani wa mwaka 81 KK, wasomi walisema maofisa na mafundi wanakula faida, sarafu nyingine nene nyingine nyembamba, mkulima haelewi, na mfanyabiashara anambadilishia mbaya kwa nzuri. Ukiritimba nao una wizi wake.

#11 Hazina Kuu

Sikatai. Tofauti ni kiasi. Mwizi aliye ndani ya ofisi tatu ni rahisi kumfikia kuliko milioni moja mikoani.

#12 Mizani

Sasa Wang Mang, ambaye ndiye ushahidi bora wa uzi huu, maana alifanya kinyume cha kila kitu na matokeo yakawa kinyume vilevile.

Mwaka 7 BK, akiwa bado mshika dola kwa niaba ya kaizari mtoto, alitoa daquan: zhu 12, thamani wuzhu 50. Pamoja nayo sarafu za umbo la kisu, moja ya 500 na nyingine iliyonakshiwa dhahabu ya 5,000. Wuzhu iliendelea kutumika. Chukueni ile 384. Jin moja ya shaba:

wuzhu: sarafu 76, thamani 76
daquan: sarafu 32, thamani 1,600

Yeyusha wuzhu 77, subu daquan 32, umezidisha mali yako zaidi ya mara 20. Hakuna tanuri lililokaa baridi.

Mwaka 9 BK, sasa ni kaizari wa nasaba yake mwenyewe, Xin, akafuta visu na wuzhu, akaleta xiaoquan ya zhu 1 yenye thamani ya 1. Mwaka 10 BK akazindua mfumo mzima: vifaa 5 (dhahabu, fedha, shaba, magamba ya kobe, kauri za baharini), madaraja 28. Dhahabu 1, fedha 2, kobe 4, kauri 5, sarafu za mviringo 6, sarafu za umbo la jembe 10. Muuza mboga alitakiwa ajue uhusiano wa vitu 28. Watu wakarudi kwenye wuzhu kwa siri, na aliyekutwa nazo alihamishiwa mpakani. Wang Mang akaamuru msafiri abebe sarafu ya jembe pamoja na hati yake ya kusafiria, la sivyo nyumba ya wageni isimpokee na kivukoni azuiwe. Sarafu isiyopendwa ikageuzwa kuwa kitambulisho.

Mwaka 14 BK akarekebisha: huoquan, zhu 5, thamani 1, na huobu, zhu 25, thamani 25. Jin moja kwa huoquan ni 76. Kwa huobu, ikigawanywa sawasawa, ni 384. Mara 5. Alipunguza kishawishi kutoka mara 20 hadi mara 5, akadhani amemaliza.

Adhabu zake zilikuwa kali kuliko za Wu. Mmoja akighushi, nyumba tano jirani zinakamatwa, zinafanywa watumwa wa serikali. Wanaume kwenye vizimba vya magari, wanawake na watoto wanatembea na minyororo ya chuma shingoni, mpaka Zhongguan, Chang'an. Idadi inatajwa kwa malaki, na kati ya kila kumi walikufa sita au saba. Kughushi hakukupungua.

#13 Sonara

Kejeli ya kifundi ni kwamba sarafu za Wang Mang ni miongoni mwa nzuri kuliko zote kwa kazi ya mkono. Herufi zake nyembamba, zimesimama, ukingo safi. Kwa hiyo kanuni yangu ya #8 kuhusu ubora ina mpaka. Ubora unapandisha gharama ya mghushi kwa kiasi fulani tu. Faida ikiwa mara 20, atamlipa mchongaji.

#14 Bint Pwani

Asanteni wataalamu. Hizi sarafu za Kichina zilizopatikana Unguja na Manda, ni za Han? Kuna mtu kwenye uzi mwingine aliandika hivyo kwa kujiamini kabisa.

#15 Mizani

Hapana dada. Akiba iliyofukuliwa Kajengwa, Unguja, mwaka 1945, nyingi ni za nasaba ya Song (960 hadi 1279), chache za Tang. Iliyopatikana kisiwani Manda mwaka 2013 ni Yongle tongbao, ya Ming, mwanzoni mwa karne ya 15. Kutofautisha ni rahisi hata kwa picha: wuzhu ina herufi 2, kulia na kushoto mwa tundu, na jina lake ni uzito. Tangu 621 BK, Tang walipotoa Kaiyuan tongbao, sarafu rasmi kwa kawaida zina herufi 4 kuzunguka tundu, na tangu Song aghalabu mbili kati ya hizo ni jina la kipindi cha utawala. Song walisumbuka sana na sarafu za shaba kutoroka kwa majahazi, wakapiga marufuku tena na tena. Mwaka 1219 wakaagiza bidhaa za ng'ambo zilipwe kwa hariri na vyombo vya kauri badala ya sarafu.

#16 Kitabu Wazi

Na wuzhu iliishaje? Baada ya Wang Mang walirudi Shanglin?

#17 Hazina Kuu

Mji mkuu ulihamia Luoyang. Wuzhu ilirudishwa mwaka 40 BK kwa ushauri wa jenerali Ma Yuan, miaka 17 baada ya Wang Mang kuuawa. Katikati hapo watu walitumia nguo, hariri, dhahabu na nafaka, na kule Sichuan Gongsun Shu akasubu sarafu za chuma ambazo raia hawakuzipenda.

Mwisho wa Han ya Mashariki, yaani Han iliyorudi baada ya Wang Mang, ukaja ujanja mpya. Ukingo ulizuia tupa, basi watu wakachukua patasi na kutoboa sarafu katikati kwa mviringo. Unapata pete ya nje na kiini cha ndani chenye tundu, sarafu mbili kutoka moja, kila moja inatumika. Mwaka 190 mbabe wa vita Dong Zhuo akayeyusha wuzhu na masanamu ya shaba ya Luoyang na Chang'an, akasubu visarafu vidogo bila ukingo wala herufi za kusomeka. Bei ya nafaka ikapaa, na mwishowe sarafu zikakataliwa kabisa.

Mwaka 221 Cao Pi, kaizari wa Wei, dola iliyoifuata Han upande wa kaskazini, akafuta wuzhu rasmi na kuamuru nafaka na hariri ndizo ziwe fedha, lile wazo la Gong Yu hasa. Ndani ya miaka michache wafanyabiashara walikuwa wanalowesha nafaka ili iongezeke uzito na wanafuma hariri nyembamba isiyofaa kuvaliwa, ya kulipia tu. Adhabu kali zikawekwa, hazikusaidia. Mwaka 227 mwanawe, Cao Rui, akarudisha wuzhu.